Jinsi ya Kuzifanya Tulipu Zichanue Ndani ya Nyumba Katikati ya Majira ya Baridi

Tulipu ni mmea wa nchi za baridi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, hasa safu za Tien Shan na Pamir, ambako ardhi hulala chini ya theluji kwa miezi mingi, kisha joto hufika kwa haraka na mmea hulazimika kuchipua, kuchanua na kutoa mbegu kabla ya kiangazi kikavu kuanza. Tabia hiyo haijabadilika. Tangu mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alipozipanda katika bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden na zikachanua mwaka 1594, watu wa Ulaya wamezizalisha kwa maelfu ya aina, lakini bado zinadai kipindi kirefu cha baridi kabla ya kutoa ua. Anayetaka tulipu mezani mwezi Januari au Februari, wakati bustani za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zimeganda, hana budi kuupa mmea baridi hiyo mapema na kwa kipimo, kisha kuuletea joto kabla ya msimu wake.

Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi katika nchi zenye majira ya baridi, kama vile Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Marekani na Kanada, ambako vitunguu vya tulipu, yaani vibonge vya kupandia vinavyofanana na vitunguu vya kula, huuzwa kwa wingi kuanzia Septemba na baridi inapatikana bure. Kazi yenyewe si ngumu na haidai bustani. Varanda, banda la gari au friji ya zamani vinatosha. Inachodai ni subira. Tulipu nyingi zinazoharibika ndani ya nyumba huharibika kwa sababu mwenyewe aliliona chipukizi likitokeza, akafurahi, akakitoa chungu kwenye baridi wiki nne au tano kabla ya wakati. Udongo hafifu husameheka, hata dirisha lenye mwanga haba husameheka, lakini baridi iliyokatishwa haina dawa.

Kinachotokea ndani ya kitunguu

Chukua kitunguu kimoja cha tulipu mwezi Oktoba, ukipasue kwa kisu kikali kutoka ncha hadi kitako. Utakuta tabaka chache nene, nyeupe, zilizojaa wanga, na katikati yake, juu kidogo ya kitako, chipukizi la rangi ya manjano lililojikunja. Ukilifungua kwa ncha ya sindano chini ya kioo cha kukuzia, utaona majani yaliyoviringana, na ndani ya majani hayo ua kamili: petali sita, stameni sita (viungo vya kiume), na katikati pistili (kiungo cha kike) yenye pembe tatu. Ua hilo liliumbika wakati wa kiangazi, kitunguu kikiwa kimeshang'olewa na kuwekwa ghalani. Wakulima wa Uholanzi hupasua vitunguu vya mfano namna hii hii ili kuhakikisha kwamba pistili imeshaumbika kabla ya kuanza kuvipoza, kwani baridi ikitangulia, ua huharibika lingali changa.

Kwa hiyo baridi haiumbi ua. Kazi yake ni kuliandaa shina litakalolibeba. Katika wiki za baridi wanga hugeuka polepole kuwa sukari, mizizi hujaza chungu, na mmea hufikia hali ambayo joto likifika, seli za shina hurefuka kwa kasi. Kitunguu kilichokosa baridi ya kutosha nacho huchipua, ila shina hubaki fupi, ua hukwama katikati ya majani, au tumba hukauka na kuwa kama karatasi kabla ya kufunguka. Mahitaji haya ya joto na baridi yalichunguzwa kwa kina huko Wageningen, Uholanzi, na mwanasayansi wa mimea A. H. Blaauw pamoja na wenzake katika miaka ya 1920 na 1930, na kilimo cha tulipu za majira ya baridi kimejengwa juu ya kazi ya aina hiyo. Matunda yake yanaonekana kila Januari mjini Amsterdam, ambako tangu 2012 wakulima hufungua msimu wao kwa kutandaza tulipu zipatazo 200,000 uwanjani na kuwaruhusu watu wajichumie bure.

Hatua ya kwanza: hesabu kuanzia mwisho

Amua kwanza siku unayotaka maua, kisha rudi nyuma. Tulipu nyingi zinahitaji kati ya wiki 12 na 16 za baridi, na mimi hushauri wiki 15 kwa asiyejua aina yake inadai ngapi. Baada ya kutolewa kwenye baridi, huchukua wiki tatu hadi nne kuchanua. Kadiri majira ya baridi yanavyoelekea kuisha ndivyo muda huu unavyopungua, hata zile za mwezi Machi zinaweza kuchanua katika wiki mbili na nusu.

Tuseme unataka maua ya tarehe 14 Februari. Wiki 15 za baridi na wiki nne za joto ni wiki 19, yaani siku 133, na ukirudi nyuma siku hizo unafika tarehe 4 Oktoba. Hiyo ndiyo siku ya kupanda, na chungu kitatoka kwenye baridi tarehe 17 Januari. Kwa maua ya Siku ya Wanawake Duniani, tarehe 8 Machi, panda ifikapo tarehe 26 Oktoba. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini tulipu za Krismasi ni taabu: ungelazimika kupanda katikati ya Agosti, wakati maduka mengi bado hayajapokea vitunguu. Wanaozitaka Desemba hununua vitunguu ambavyo muuzaji ameshavipoza, na mtu akinunua vya namna hiyo aulize vimepozwa kwa wiki ngapi na apunguze idadi hiyo katika hesabu yake.

Ikiwa unataka maua kwa muda mrefu, panda chungu kimoja kila baada ya wiki mbili kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba. Ua la tulipu lililochanua ndani ya nyumba hudumu kama wiki moja tu, na vyungu vinavyopokezana vina faida kuliko vyungu vitano vinavyochanua siku moja.

Hatua ya pili: chagua aina na vitunguu

Si kila tulipu inayokubali kuharakishwa. Zinazofaa zaidi ni zile zinazochanua mapema bustanini, zenye ua la petali sita au lenye petali nyingi, pamoja na kundi linaloitwa Triumph, ambalo lina mashina imara ya urefu wa wastani. Miongoni mwa aina zinazopatikana kwa urahisi na zenye sifa nzuri ni Apricot Beauty, yenye rangi ya samoni na harufu nyepesi. Christmas Marvel, ya waridi iliyokolea. Prinses Irene, ya rangi ya machungwa yenye mistari ya zambarau. Monte Carlo, ya manjano yenye petali nyingi. Negrita, ya zambarau. Na White Dream, nyeupe. Kwa anayeanza ningechagua Prinses Irene au Christmas Marvel, kwa sababu si ndefu na hazilali ovyo. Ziepuke zile zinazochanua mwishoni mwa msimu, kama Queen of Night, pamoja na zile za kasuku zenye petali zilizochanika kingoni, maana nyingi huwa ndefu mno na hudai baridi ya muda mrefu kuliko ambao watu wengi wanaweza kuutoa.

Kitunguu kinapimwa kwa mzingo wake kwenye sehemu nene. Nunua vyenye sentimita 12 au zaidi. Vidogo kuliko hapo mara nyingi hutoa jani moja pana bila ua. Kishike mkononi: kizuri ni kizito na kigumu. Ganda la nje la kahawia likiwa limepasuka au kuvuliwa si tatizo, na madoa madogo ya ukungu wa buluu juu ya ganda hufutika. Kilicho chepesi, laini kitakoni, chenye doa la kijivu na harufu chachu kimeshaliwa na kuvu aina ya Fuzari, nacho kitupwe mara moja, kwa sababu pamoja na kuoza kinatoa gesi itakayodhuru vingine vilivyo karibu. Gesi hiyo nitairudia.

Kabla ya kupanda, viweke mahali pakavu penye hewa na joto la wastani, nyuzi 17 hadi 20 za Selsiasi, na mbali na jikoni. Vitunguu hivi vina sumu. Kwa mtu husababisha kichefuchefu na kutapika, na kwa mbwa na paka hatari ni kubwa zaidi. Ni kweli kwamba Waholanzi walivila katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, lakini walifanya hivyo kwa kukosa chakula, wakielekezwa jinsi ya kuondoa sehemu ya katikati. Nyumbani kwako vikae ndani ya mfuko ulioandikwa wazi kwa kalamu nene, hasa kama kuna mtu mwingine anayepika. Wenye ngozi nyepesi wavae glavu, kwani utomvu wake huwasha na kuchubua vidole kwa wanaovishika mara kwa mara.

Hatua ya tatu: panda

Chungu cha upana wa sentimita 15 kinabeba vitunguu vitano au sita. Cha sentimita 20 kinabeba vinane au tisa. Usiogope msongamano. Tulipu mbili ndani ya chungu kipana huonekana kana kwamba zimesahauliwa, ilhali zile zilizokaribiana, karibu kugusana, hutoa fungu zuri na hutegemeana zisianguke. Chungu kiwe na tundu chini, na kisiwe na kina kidogo kuliko sentimita 12, maana mizizi ya tulipu hushuka kwa nguvu na ikikosa nafasi huvisukuma vitunguu juu.

Udongo uwe mwepesi na usiotuamisha maji. Ule wa mifuko unaouzwa kwa mimea ya vyungu, ukichanganywa na perlaiti, yaani chembe nyeupe nyepesi za kulegeza udongo, au mchanga mkavu kiasi cha robo, unafaa kabisa. Mbolea haihitajiki, kwa kuwa kitunguu kimebeba chakula chake chote cha msimu huu.

Jaza udongo hadi nusu ya chungu bila kuushindilia. Weka vitunguu, ncha juu, na uvipachike kwa upole bila kuvizungusha kwa nguvu. Ukikiangalia kitunguu vizuri utaona kwamba upande mmoja ni bapa na mwingine una tumbo. Elekeza ubapa kwenye ukingo wa chungu, kwani jani la kwanza, ambalo ndilo pana kuliko yote, hutokea upande huo; vikielekezwa vyote hivyo, majani hayo yataning'inia nje kuzunguka chungu na kuacha maua katikati. Ni jambo dogo lisilogharimu chochote, nalo hutenganisha chungu kilichopandwa kwa uangalifu na kilichojazwa tu. Ongeza udongo hadi ncha zibaki zikionekana kidogo, ukiacha sentimita mbili chini ya ukingo kwa ajili ya maji. Mwagilia hadi maji yatoke chini, acha yachuruzike, kisha chomeka lebo yenye jina la aina, tarehe ya kupanda na tarehe ya kutoa.

Hatua ya nne: baridi

Hapa ndipo penye kazi yote. Baridi inayotakiwa ni kati ya nyuzi 2 na 9 za Selsiasi, sawa na 35 hadi 48 za Farenhaiti kwa walioko Marekani. Ndani ya mpaka huo, baridi bora hubadilika kadiri wiki zinavyokwenda. Katika wiki tatu au nne za kwanza mizizi inatafuta nguvu, na hukua vizuri zaidi karibu na nyuzi 9. Mizizi ikishaonekana kwenye tundu la chini, nyuzi 5 ndizo zinazofaa. Mwishoni, chipukizi linapofikia sentimita tatu au nne na tarehe yako bado haijafika, shusha hadi nyuzi 2 ili lisiendelee kurefuka gizani. Anayeweka vyungu nje hupata mpangilio huu bila kuutafuta, kwa kuwa Oktoba, Novemba na Januari hufuatana hivyo hivyo katika nchi nyingi za kaskazini.

Mahali panategemea unakoishi. Uingereza na Uholanzi, ambako majira ya baridi si makali sana, vyungu vinaweza kukaa nje, kwenye varanda au kando ya ukuta unaoelekea kaskazini pasipofikiwa na jua, vikiwa vimefunikwa kwa majani makavu na kukingwa dhidi ya mvua nyingi. Katika majimbo kama Minnesota, au katika mji kama Toronto, kuviacha wazi ni kuviua, kwa sababu udongo wa chungu huganda kutoka pande zote na mizizi hupasuka. Huko vitie ndani ya sanduku la foamu kwenye banda la gari lisilopashwa joto, au vizike shimoni na kuvifunika kwa nyasi kavu au majani yenye unene wa sentimita 30. Waya wa matundu madogo uwekwe juu, maana panya na kindi huvipenda sana vitunguu vya tulipu. Chumba cha chini ya nyumba kinafaa pia, mradi kipimajoto, siyo mkono wako, kithibitishe kwamba hakizidi nyuzi 9. Usidhani, nunua kipimajoto cha bei nafuu kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, ukiache pale kwa wiki nzima kabla ya kupeleka vyungu.

Wanaoishi ghorofani wengi hutegemea friji. Inafaa, na joto lake la kawaida la nyuzi 4 au 5 ni zuri, lakini ina hatari moja kubwa. Matufaha, peasi, ndizi mbivu, maembe na nyanya hutoa gesi ya ethilini, ile niliyoitaja kwenye vitunguu vilivyooza, ambayo pia ndiyo inayofanya ndizi zilizovundikwa pamoja ziive kwa mkupuo. Gesi hiyo hukausha tumba la tulipu likiwa bado ndani ya kitunguu, nawe hutaona dalili yoyote mpaka Januari, majani yatakapotoka mazuri bila ua. Friji yenye tulipu isiwekwe matunda kabisa. Kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki hakutoshi. Moshi wa gari nao una ethilini, kwa hiyo banda lenye vyungu si mahali pa kuacha injini ikiunguruma.

Ikiwa vyungu haviingii kwenye friji, vitunguu vinaweza kupozwa vikiwa vikavu ndani ya mfuko wa karatasi au wavu kwa wiki nane hadi kumi, halafu vikapandwa na kuwekwa mahali pa baridi kadiri inavyowezekana kwa wiki nne au tano nyingine ili vipate mizizi. Hujumlishwa zote katika hesabu. Mimi napendelea kuvipoza vikiwa vimeshapandwa, kwa sababu mmea wenye mizizi mingi hulibeba ua lake vizuri zaidi, lakini njia hii ya pili ni halali na inatumika.

Kwa muda wote huu vyungu vikae gizani, na udongo uwe na unyevu bila kulowana. Vikague kila baada ya siku kumi. Kinyanyue chungu: kikiwa chepesi, kipe maji baridi kidogo, kikiwa kizito, kiache. Vilivyozikwa nje havihitaji maji, ila wakati wa ukame.

Hatua ya tano: toa kwenye baridi

Usikitoe chungu kwa kuangalia kalenda peke yake, wala kwa kuangalia chipukizi peke yake. Mambo matatu yatimie kwa pamoja: wiki zimekamilika, mizizi myeupe inaonekana kwenye tundu la chini, na machipukizi yamefikia kati ya sentimita tatu na tano. Kisha libane chipukizi moja kwa vidole, polepole, kuanzia juu ukishuka. Likiwa na uvimbe mgumu ndani, hilo ni tumba lililokwisha panda kutoka kwenye kitunguu, na chungu kiko tayari. Likiwa laini na tupu kama jani lililokunjwa, kirudishe kwa wiki moja au mbili.

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni kukipeleka chungu moja kwa moja sebuleni penye hita. Kianze katika chumba cha nyuzi 13 hadi 15, chenye mwanga hafifu, kwa muda wa siku saba hadi kumi. Ukumbi wa kuingilia au chumba cha kulala kisichopashwa joto ndicho mahali pake. Machipukizi yatakuwa meupe yenye wekundu yakitoka gizani, na katika siku hizo yatageuka kijani na kurefuka hadi sentimita kumi hivi. Mwanga mkali mapema mno hufungua majani kabla shina halijarefuka, ndipo ua linapobaki limezama.

Hatua ya sita: mwanga na maji

Sasa kilete dirishani, kwenye mwanga mwingi na joto la nyuzi 16 hadi 18. Dirisha linaloelekea mashariki ni zuri. La kusini linafaa Januari, jua likiwa dhaifu, lakini Machi lipunguzwe kwa pazia jepesi. Joto likizidi nyuzi 20, mashina hurefuka ovyo na kulegea, na maua hufunguka na kupukutika ndani ya siku chache. Radieta iliyo chini ya dirisha ni adui wa kudumu wa tulipu. Ikiwa huwezi kuizima, tafuta dirisha jingine.

Mashina ya tulipu hufuata mwanga, na hufanya hivyo haraka kiasi kwamba chungu kilichonyooka asubuhi kinaweza kuwa kimeinama jioni. Kigeuze robo mzunguko kila siku. Kiu pia huongezeka ghafla: mmea ulioridhika na maji mara moja kwa wiki sasa unaweza kuyataka kila siku, na tumba linalokauka kwa ukosefu wa maji katika wiki hii halirudi. Mwagilia kwenye udongo, usimwage juu ya majani na matumba, na mwaga maji yaliyobaki kwenye kisahani.

Tumba likianza kuonyesha rangi, kisogeze chungu mahali ambapo kitaonekana, mbali na jua la moja kwa moja. Ukikipeleka kwenye chumba baridi kila usiku, maua yatadumu siku mbili au tatu zaidi, na inafaa kufanya hivyo hata kama ni usumbufu. Petali hufunguka mchana kwenye joto na kujifunga usiku kwenye ubaridi, na shina huendelea kurefuka hata baada ya ua kufunguka, kwa hiyo usishangae fungu lililokuwa fupi Jumatatu likiwa refu Ijumaa.

Hitilafu na sababu zake

Ua fupi lililokwama kati ya majani ni dalili ya baridi pungufu. Ukiliona mapema, kifunike chungu kwa koni ya karatasi nyeusi yenye tundu juu kwa siku chache. Giza litalivuta shina kidogo, ingawa halitalipa wiki zilizokosekana. Tumba lililokauka likiwa jeupe au kahawia hutokana na ethilini, kiu, au joto kali katika wiki ya kwanza, na mwenyewe ndiye anayejua kati ya hizo ni ipi iliyopita nyumbani kwake.

Shina linaloonekana kama kioo kilicholowa katika sehemu moja, kisha kuvunjika hapo ua likiwa zima, limekosa kalisi ya kutosha. Mara nyingi sababu ni ukuaji wa haraka kupita kiasi kwenye joto na hewa yenye unyevu mwingi, ambapo mmea haunyonyi maji ya kutosha kuipandisha kalisi. Tiba ni kupunguza joto na kuruhusu hewa ipite. Wakulima wa kibiashara huongeza nitrati ya kalisi katika maji. Madoa ya kijivu yanayosambaa kwenye majani, pamoja na ukungu wenye vumbi, ni ugonjwa wa Botritisi. Mmea wenye dalili hizo uondolewe pamoja na kitunguu chake siku hiyo hiyo, na vilivyobaki vitenganishwe ili hewa ipite kati yao. Vidukari vikionekana kwenye matumba, vioshe kwa maji vuguvugu yenye sabuni kidogo.

Kwa wanaoishi mahali pasipo na baridi

Walioko Muscat au Dubai wanaweza kufuata mwongozo huu wote kwa friji na kumalizia katika chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18. Afrika Mashariki hali inategemea mwinuko. Limuru, Lushoto na nyanda za juu za Iringa zina usiku wenye ubaridi unaosaidia sana hatua ya tano na ya sita, hasa Juni na Julai, lakini hata huko baridi ya nje haifiki kipimo kinachotakiwa na wiki 15 za friji hazikwepeki. Dar es Salaam na Mombasa ua litafunguka na kuisha haraka, na sishauri mtu agharimie. Vitunguu vinavyoagizwa kutoka nje vinahitaji kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka. Kenya kibali hicho hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na Tanzania na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, nacho kiombwe kabla ya kuagiza. Anayetaka kitunguu kinachochanua bila baridi yoyote atafute nasisi nyeupe za vishada, ambazo huwekwa tu kwenye bakuli la kokoto na maji na kuchanua baada ya wiki nne hadi sita.

Baada ya maua kupukutika

Tulipu iliyoharakishwa imetumia karibu akiba yake yote, na kuipanda tena ndani mwaka unaofuata ni kupoteza wiki 15. Mwenye bustani anaweza kukata vichwa vya maua, kuacha majani yanyauke yenyewe penye mwanga huku akiendelea kumwagilia, kisha kupanda vitunguu nje kwa kina cha sentimita 15 hadi 20. Baadhi vitachanua baada ya mwaka mmoja au miwili na vingi havitachanua tena. Asiye na bustani avitupe kwenye mboji bila majuto na anunue vipya Septemba. Udongo uliobaki kwenye chungu unafaa kwa mimea mingine, lakini usiutumie tena kwa tulipu, kwa sababu vimelea vya Botritisi husalia ndani yake. Vyungu navyo vioshwe kwa maji ya moto na kukaushwa juani kabla ya kupanda vya msimu ujao.